Mitapo ya Merewa

JUMATANO, SAA NNE ASUBUHI

Stoo ya ngozi ilikuwa nyuma ya soko la Arua. Dirisha lilikuwa moja tu, na lilizibwa kwa bati. Ngozi za ng'ombe zilipangwa mpaka kwenye boriti, zimepakwa chumvi, zinanuka. Abiriga aliichagua kwa sababu ya harufu hiyo. Hakuna mtu anayesimama karibu na ngozi mbichi kusikiliza maneno ya wengine.

Watu watano walikaa juu ya magunia. Abiriga mwenyewe alikuwa sajini katika jeshi lililosambaratika mwaka wa sabini na tisa. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na bado alikaa mgongo wima kama anasubiri kukaguliwa. Tahiru alikuwa dereva, Mnubi wa mjini, mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo. Soka alikuwa mrefu, mkimya, aliyerudi kutoka porini na bunduki ambayo hakuikabidhi kwa mtu. Wa nne alikuwa Mzungu mwembamba aliyejiita Rino. Wa tano alikuwa Kasimiro, amevaa sare ya kijani ya misitu, kwa sababu alitoka kazini na alikuwa anarudi kazini.

Abiriga aligeuza ngozi moja, akachora kwa mkaa upande wa ndani.

"Hii geti," alisema. "Hii ofisi. Hii banda ya kivuli. Ndani iko kumi na moja."

Kumi na moja ilikuwa mitapo. Mtapo ukiuona kwa mbali utadhani ni mnazi uliochuchumaa. Shina lake nene kama pipa, majani yake makavu na yana miiba. Hauna haraka. Shina linalofika gotini linaweza kuwa limeota kabla babu yako hajazaliwa. Na mtapo wa aina hii ulikuwa unaota sehemu moja tu, kwenye mawe ya kilima cha Merewa, mbele ya Koboko. Ukivuka mto wa mpakani kuutafuta upande wa pili, huupati.

Miezi mitatu nyuma, lori la mfanyabiashara mmoja wa Koboko aitwaye Santo lilikamatwa likiwa na mitapo kumi na moja iliyong'olewa. Miaka miwili kabla ya hapo serikali ilikuwa imetia sahihi mkataba wa dunia unaokataza kuuza mimea kama hiyo nje ya nchi. Merewa ikatangazwa hifadhi. Ofisa wa misitu wa Arua, mama aitwaye Driwaru, aliichukua ile kumi na moja, akaipanda kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, akaipiga namba za rangi nyeupe, akaifungia kitaluni. Ilikuwa vielelezo vya kesi. Kesi ilikuwa Jumatatu.

"Jumatatu vielelezo hakuna, kesi hakuna," Abiriga alisema. "Santo anarudi kwake. Bwana Rino anapata mali yake. Sisi tunapata yetu."

Mzungu alitabasamu. Alikuwa amekaa Zaire miaka mingi na alizungumza Kiswahili cha huko.

"Kwetu iko kisiwa," alisema. "Iko na maua moja, inaota kwa jabali moja, juu ya bahari. Mutu akigusa, polisi. Mimi niligusa. Walichukua bustani yangu yote, wakaniandika kwa gazeti." Alipangusa jasho. "Kwetu sheria iko mzee. Inajua njia zote. Hapa iko mtoto bado."

Soka alirudisha macho kwenye mchoro.

Abiriga aliendelea. Ijumaa, wakati wa swala ya adhuhuri, mji umetulia. Mama Driwaru huenda kula kwake Pajulu, anatoka saa saba kasorobo, anarudi saa nane. Getini hubaki mzee Severino peke yake. Wao wanaingia na lori na barua yenye mhuri wa mahakama, kwamba vielelezo vinahamishwa Koboko. Kasimiro anafungua banda. Kasimiro anaonyesha namna ya kunyanyua, maana mtapo ukivunjika moyo wake wa juu haufai tena. Dakika thelathini na tano. Hakuna risasi.

"Mpaka wa Vurra iko karibu," Tahiru alisema. "Nusu saa uko Zaire. Kwa nini tunazunguka mpaka Koboko?"

"Vurra watu wa forodha wanamjua Santo na gari zake. Koboko iko na sajini wangu kwa kizuizi. Tumeongea."

Tahiru alitikisa kichwa polepole. "Na Ijumaa mimi sijawahi kukosa swala."

"Utalipa Ijumaa nyingine."

Kasimiro alinyanyua mkono kama mwanafunzi. "Kazi yangu inaisha geti, Afande?"

"Hapana. Wewe unapanda gari mpaka mwisho. Bwana Rino anataka mutu wa kutunza mali njiani."

"Sawa."

"Uko pamoja na sisi, Kasimiro?"

"Niko, Afande."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kutaja saa. Abiriga hakuhitaji kumbembeleza. Mwaka wa themanini, watu wa Koboko walipokimbilia Sudan, Kasimiro alipigwa risasi ya paja, na Abiriga alimbeba mgongoni siku mbili mpaka ng'ambo ya mto Kaya. Alimbeba akamfikisha. Huko ng'ambo, kambini, kipindupindu kilimchukua mke wa Kasimiro, Margarita, na baada ya siku nne kikawachukua mabinti wawili. Kasimiro alichimba makaburi matatu akiwa bado anachechemea. Tangu siku hizo alikula, akalala, akafanya kazi aliyopewa. Watu walimwita mpole. Yeye mwenyewe hakuwa na jina la hali hiyo. Ilikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya, unaona upo, ukiufinya hausemi.

Alirudi nyumbani mwaka wa themanini na sita. Ofisi nyingi zilimkataa. Mama Driwaru alimpa jembe na sare, hakumuuliza alikuwa upande gani.

IJUMAA, SAA SITA NA DAKIKA HAMSINI MCHANA

Mama Driwaru alipiga kiki pikipiki yake, akafunga kitambaa kichwani.

"Ile namba saba umeimwagia?"

"Kidogo tu, Mama. Shina lina unyevu."

"Vizuri. Jumatatu hakimu atataka kuiona yote. Nataka isimame kama watu." Alicheka peke yake. "Nikuletee muhogo?"

"Ukiwa nao."

Akaondoka. Vumbi lilibaki hewani juu ya geti. Kasimiro alisimama akilitazama mpaka likashuka lote. Alijaribu kuona kama kuna kitu ndani yake kinachomsumbua. Aliona njaa kidogo.

SAA SABA NA DAKIKA KUMI

Adhana ilikwisha kuitwa. Lori la Bedford liliingia taratibu. Tahiru kwenye usukani, Abiriga pembeni yake amevaa koti la karani. Soka alikuwa nyuma, kati ya magunia, na bunduki ilikuwa chini ya magunia.

Mzee Severino aliishika barua mbali na macho yake, kisha karibu. Miwani ilikuwa nyumbani.

"Mhuri naona," alisema. "Kasimiro, wewe unajua hii?"

"Najua, Mzee."

Hilo tu. Severino alifungua geti mwenyewe, akaweka jiwe chini ya bawa lake lisirudi.

Kasimiro alifungua kufuli la banda. Ndani kulikuwa na baridi. Mitapo kumi na moja ilisimama katika mapipa, majani yamegusana. Aliwaonyesha. Mikono miwili chini ya pipa. Mmoja nyuma anashika majani kwa gunia, asiyakunje. Ubao uegemezwe kwenye lori. Msivute shina. Walifanya alivyosema. Pipa la kwanza lilipanda, la pili likapanda. Abiriga alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na alinyanyua kuliko Soka.

"Tisa bado," alisema Abiriga.

"Hii mizizi nzito kama mutu amekufa," alisema Soka.

SAA SABA NA DAKIKA ISHIRINI NA TANO

Pipa la saba lilikuwa juu ya ubao waliposikia sauti ya mama Driwaru getini. Alikuwa anasukuma pikipiki. Tairi la nyuma limelala.

"Msumari," alimwambia Severino. "Sijafika hata darajani. Hii gari ya nani?"

Abiriga alishuka kwa adabu, akavua kofia, akampa barua. "Madam, tumetumwa na mahakama. Kesi imehamishwa Koboko."

Driwaru alisoma akiwa amesimama juani. Alisoma mpaka chini, kisha akarudi juu.

"Barua hii ni ya jana Alhamisi," alisema.

"Ndiyo, Madam."

"Hakimu alisafiri Gulu Jumatano. Mimi ndiye niliyempeleka stendi ya basi."

Tahiru, ndani ya lori, aliwasha injini. Driwaru hakumtazama Abiriga tena. Alimtazama Kasimiro, aliyekuwa ameshika majani ya mtapo kwa gunia.

"Kasimiro. Umeisoma barua hii?"

"Sijasoma, Mama."

"Unawajua watu hawa?"

Kasimiro alifungua mdomo. Soka alikuwa ameshatoka nyuma ya lori. Kitako cha bunduki kilimpiga mama usoni, juu ya jicho la kushoto. Alianguka kwa magoti, halafu kwa ubavu, barua bado mkononi. Damu ilishuka upesi juu ya karatasi. Mzee Severino alikaa chini mwenyewe bila kuambiwa, akaweka mikono kichwani.

"Nilisema hakuna kupiga," alisema Abiriga.

"Ulisema hakuna risasi," alisema Soka.

Walimfunga Severino kwa kamba ya miche. Mama Driwaru walimlaza kivulini, chini ya banda. Alikuwa anapumua. Kasimiro aliona kitambaa chake cha kichwa kimelowa, akaona kope za jicho moja zinachezacheza. Aliinama amguse.

"Kasimiro. Pipa," Abiriga aliita.

Aliinuka akaenda kushika pipa. Alishika majani kwa gunia, asiyakunje. Mitapo minne iliyobaki ilipanda. Baadaye, alipoulizwa mahakamani alikuwa anafikiri nini wakati ule, alisema ukweli. Alikuwa anafikiri kwamba namba kumi imechubuka mzizi mmoja na utahitaji majivu.

SAA NANE NA NUSU

Barabara ya kwenda Koboko ilikuwa ya murram, kifusi chekundu, imeliwa na mvua. Kasimiro alikaa nyuma pamoja na Soka, migongo yao kwenye mbao, mitapo ikiwayumbia usoni. Karibu na Maracha rejeta ilichemka. Tahiru akaegesha, akafungua boneti, akaenda kutafuta maji. Mzungu hakuwa nao. Alikuwa anawasubiri Ingbokolo, upande wa Zaire.

Soka alisogeza turubai atafute pa kukaa. Chini yake kulikuwa na madumu sita ya dizeli na magunia mawili ya chumvi ya mawe.

"Hii ya nini?" Kasimiro aliuliza. "Gari ina tangi."

"Hii ya mlima."

"Mlima gani?"

Soka alimtazama kama mtu asiyeamini. "Afande hajakuambia? Tunapita Merewa kwanza. Wewe unatuonyesha zilizobaki, moja moja, wapi na wapi. Tunakata, tunamwaga dizeli, tunaweka chumvi. Mzungu anataka ya kwake iwe ya mwisho. Yake tu, dunia nzima. Ndiyo bei yake inapanda."

Kasimiro alitikisa dumu moja, lilikuwa limejaa. Halafu alishuka, akazunguka lori mpaka mbele. Abiriga alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mti, anajipepea kwa kofia.

"Soka anasema tunapita Merewa."

Abiriga aliendelea kujipepea. "Ningekuambia Koboko."

"Ndiyo maana mlinitaka mpaka mwisho."

"Hakuna mutu mwingine anajua kila shina. Wewe ndiye uliyehesabu na yule mama wako. Siku ngapi mlikaa kule?"

"Kumi na tisa."

"Basi. Leo ni saa moja tu." Abiriga alivaa kofia. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, anayetaka mambo yaishe. "Ni majani, Kasimiro. Haina mama, haina baba. Tumeona watu wakikatwa, mimi na wewe. Hatukulia. Leo utalia kwa majani?"

"Sitalia."

"Basi kuna shida gani?"

Kasimiro alifikiri. Alitafuta shida hiyo kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mifuko yake. Alikumbuka upande wa mashariki wa Merewa, jike moja la mtapo lililoota kati ya mawe mawili, limeinama kwa uzee mpaka shina limelala chini na kichwa kimeinuka tena. Siku ya kumi na moja ya kuhesabu walikuta limezaa, tunda kama gunzi kubwa la mahindi, jekundu ndani. Mama Driwaru aliliandika kwenye daftari kisha akakaa chini, akasema, Kasimiro, hili lilikuwa hapa kabla ya Waarabu, kabla ya Wabelgiji, kabla ya sisi wote kugombana. Yeye alijibu, ndiyo Mama. Hakuhisi kitu siku hiyo. Hata sasa hakuhisi.

"Hakuna shida, Afande," alisema.

"Nilijua." Abiriga alimpiga begani kidogo. "Panda mbele, ukae na sisi. Sajini akiona sare ya misitu hatauliza mengi."

Tahiru alirudi na maji kwenye kopo. Aliyamwaga ndani ya rejeta bila kuwatazama. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na Kasimiro aliona kuwa anaomba dua.

SAA TISA NA DAKIKA ARUBAINI

Kizuizi kilikuwa gogo moja juu ya mapipa mawili, kabla ya kuingia Koboko. Askari watano. Watatu walikuwa chini ya kibanda cha nyasi, mmoja anashona kiatu. Sajini Lomoro alikuja mwenyewe mlangoni kwa Abiriga. Alikuwa mtu mzima, mwenye upara, na alijua kuwa hatakiwi kuuliza sana.

"Mumebeba nini?"

"Miche ya mitiki, ya wamisheni," alisema Abiriga, akatoa karatasi nyingine.

Sajini aliipokea, akaikunja bila kuisoma. Alikuwa ameshageuka kumpungia mkono askari wa gogo. Lakini askari mwingine, kijana wa watu asiyejua mapatano, alikuwa amepanda gurudumu la nyuma na kuinua turubai.

"Sajini," aliita, "hii si mitiki. Hii iko na miiba."

Sajini Lomoro akasimama. Sasa ilibidi aulize, watu wake wanasikia. Alichungulia ndani ya kebini, akaona sare ya kijani.

"Wewe wa misitu. Hii ni nini?"

Jibu lilikuwa tayari. Abiriga alilisema mara tatu njiani. Mitiki ya aina ya Kizungu. Maneno matano. Abiriga aligeuza uso amtazame Kasimiro, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Mitapo," alisema Kasimiro. "Ni vielelezo vya kesi. Tumeviiba kitaluni Arua leo saa saba. Tumempiga ofisa. Nyuma kuna mtu ana bunduki."

Alisema polepole, na kwa mpangilio mzuri. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa ameulizwa kitu, na alikuwa anakijua.

Tahiru alitoa sauti ndogo kooni. Kisha Soka akafyatua kupitia turubai, na askari aliyekuwa juu ya gurudumu akaanguka kinyumenyume barabarani.

Tahiru alikanyaga mafuta. Lori liliruka, likagonga gogo, likalivunja, likayumba kulia. Kibandani walikuwa wameshachukua bunduki zao. Risasi ziliingia nyuma, zikaingia ubavuni. Kasimiro alisikia mapipa yakilia kama sufuria zinazogongwa. Kioo kilimmwagikia mapajani. Abiriga aliufungua mlango upande wake, ama mlango ulifunguka wenyewe, akatoka nje. Lori lilienda hatua hamsini zaidi, likaingia mtaroni, likalala kwa ubavu taratibu, kama ng'ombe anayejilaza.

Tahiru alitokea dirishani, akakimbilia kwenye shamba la muhogo. Soka hakutoka. Walimkuta baadaye kati ya namba tatu na namba nane, miiba imemchoma uso, lakini alikuwa amekufa kabla ya miiba.

Kasimiro alipanda juu, akatoka, akatembea kurudi nyuma. Alitembea katikati ya barabara, mikono inaonekana. Askari walimpigia kelele alale chini. Alilala chini karibu na Abiriga, kwa kuwa ndipo alipokuwa amefika.

Abiriga alikuwa amepigwa tumboni. Alikuwa amelala kwa mgongo, kofia bado kichwani.

"Ni wewe uliyesema," alisema.

"Mimi."

"Nilikuwa naangalia mdomo wako. Nikadhani umekosea maneno." Alivuta pumzi fupi. "Kwa sababu ya mama yule?"

"Sijui, Afande."

"Majani?"

"Sijui."

Abiriga alitazama juu. Kulikuwa na mawingu kidogo. Askari alikuja akaipiga teke bunduki ambayo haikuwepo, yaani aliupiga mkono mtupu, kisha akaenda zake. Vumbi lilikuwa linatua juu ya damu.

"Mwambie Poni," alisema Abiriga, akimtaja mkewe.

Kasimiro alisubiri. Alisubiri muda mrefu, shavu lake likiwa juu ya changarawe ya moto, mpaka alipoona nzi amekaa kwenye jicho na jicho halifungi.

JUMATATU

Kesi haikusikilizwa Jumatatu. Ilisikilizwa wiki tatu baadaye, hakimu aliyecheleweshwa Gulu aliporudi Arua, na safari hii washtakiwa walikuwa Santo, Tahiru na Kasimiro. Tahiru alikamatwa jioni ile ile kwenye muhogo. Alikuwa amepiga magoti, na askari walimwacha amalize rakaa. Bwana Rino hakuonekana tena Ingbokolo wala popote. Askari aliyeanguka kutoka juu ya gurudumu alikufa siku ya pili.

Mitapo miwili ilikuwa imepasuliwa mioyo kwa risasi. Tisa ilisimama mbele ya mahakama, uani, katika mapipa yenye matundu.

Wakili wa Santo alisema watu wenye watoto wanataka kufungwa kwa sababu ya majani. Hakimu aliuliza majani hayo yanaota wapi kwingine. Wakili alisema hajui. Hakimu alimwita shahidi anayejua.

Mama Driwaru alikuja na bandeji. Jicho la kushoto halikupona tena. Alieleza kwa sauti ya kawaida kwamba kilimani Merewa kulikuwa na mashina mia mbili na sita, kwamba aliyahesabu kwa siku kumi na tisa na mfanyakazi mmoja. Hakuna kilima kingine. Ukimaliza hayo, umemaliza.

"Mfanyakazi huyo yuko hapa?" hakimu aliuliza.

"Yuko." Hakumwonyesha kwa kidole. "Alikuwa fundi kuliko wote niliowahi kuwa nao. Hata siku ile, hakuna jani lililokunjwa wakati wa kupakia. Niliona, kwa jicho lililobaki."

Kasimiro aliulizwa kama ana la kusema. Alisema namba kumi iwekwe majivu kwenye mzizi. Karani hakujua kama aliandike au aliache, akamtazama hakimu, hakimu akasema andika.

Santo alipewa miaka minne na kunyang'anywa lori. Tahiru alipewa kumi na miwili. Kasimiro, kwa kuwa alisema pale kwenye kizuizi kabla hajalazimishwa, alipewa saba. Mahakama iliamuru mimea tisa irudishwe ilikotoka. Iliporudishwa, mvua zilikuwa zimeanza, na Kasimiro alikuwa analima maharage ya gereza.

Mwezi wa pili wa kifungo, siku ya kutembelewa, askari jela alimwita. Mwanamke alikuwa amesimama upande wa pili wa waya, amejifunga leso nyeusi. Hakuwa ameleta chakula. Kasimiro alimjua. Alikuwa Mariam Poni, mke wa Abiriga.

"Sikuja kwa ugomvi," alisema. "Wanajeshi walimzika wenyewe kule barabarani. Hawataki kuniambia wapi. Nataka kumrudisha nyumbani."

"Ukitoka Arua," alisema Kasimiro, "unapita kibanda. Hatua hamsini na tano, upande wa kulia. Kuna mtaro. Ukivuka mtaro kuna kichuguu kilichobomoka. Yuko kati ya mtaro na kichuguu. Kichwa kiko upande wa kichuguu. Si chini sana. Nilikuwa nimekaa hapo nimefungwa, nikaona wakichimba."

Poni alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo, akiyashika. Kibanda. Hamsini na tano. Kulia. Kichuguu.

"Alisema kitu?"

"Alisema nikwambie."

"Uniambie nini?"

"Hakumaliza."

Mwanamke alishika waya kwa vidole. Alimtazama usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Ungeweza kutunga kitu," alisema. "Neno moja. Nisingejua."

"Ndiyo."

"Mtu mwingine angetunga."

"Ndiyo, mama."

Poni aliachia waya. Alijifunga leso upya, akaikaza.

"Na wewe," aliuliza, "siku ile, uliumia mahali?"

Kasimiro alifikiri kabla ya kujibu, maana aliona kuwa anauliza kweli. Alijitazama mikono, akajitazama mguu wake wa zamani.

"Hapana," alisema. "Sikusikia kitu."

Askari jela alipiga chuma kuashiria muda umekwisha. Mariam Poni alikuwa ameshageuka. Alitembea kuelekea getini akihesabu hatua zake kwa sauti, anajizoesha, na Kasimiro alisimama wayani akihesabu pamoja naye mpaka akafika hamsini na tano.